Kutoka Nyamisati hadi Kisimani: Safari ya Mafia

Jumatatu: Nyamisati

Anayetaka kuielewa Mafia, kisiwa cha Tanzania, na aiingie kwa maji. Ndege ndogo za kutoka Dar es Salaam hufika haraka, na aliye juu huiona miamba yote imetandazwa chini yake, lakini huiruka delta ya mto Rufiji bila kuinusa. Na bila Rufiji, Mafia isingekuwa ilivyo. Kwa hiyo nilipanda basi Mbagala Rangi Tatu usiku wa manane, tukashika barabara ya kusini, Mkuranga ikapita gizani, na tulipofika Bungu tukakata kushoto kuifuata bahari.

Gati ya Nyamisati iko ndani ya mto. Palikuwa na magunia ya unga, magodoro, mabati, kreti za soda na pikipiki mbili zilizovuliwa magurudumu. Karibu kila kitu ambacho kisiwa hakilimi wala hakivui hupita hapa. Mama mmoja aliyeketi jirani yangu alikuwa na boksi la vifaranga lenye matundu. "Mwanangu, nishikie hawa nijifunge kanga vizuri, huko mbele kuna upepo," akaniambia, na kuanzia hapo vifaranga vikawa vyangu hadi Kilindoni, mji wa bandari wa Mafia.

Boti ikiondoka hupita kwanza kati ya mikoko. Huu ndio msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000. Boriti zake zilisafirishwa kwa majahazi kwa karne nyingi, zikaezeka nyumba hadi Uarabuni na Ghuba ya Uajemi. Na humu ndimo ilimojificha Königsberg, manowari ya Wajerumani, mwishoni mwa 1914, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar mwezi Septemba. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia katika mito hii. Januari 1915 wakaiteka Mafia, wakaweka kisiwani uwanja wa ndege, na ndege zao zikawa zinaruka kutoka huko kuitafuta manowari juu ya mikoko. Julai mwaka uleule Königsberg ikaangamizwa. Nilikuwa nikiwatazama watoto wawili katika mtumbwi, wanapiga kafi kwenye kijito chembamba, na ilinichukua muda kuamini kwamba dunia iliwahi kupigana mahali hapa.

Mikoko ikaisha, bahari ikafunguka. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kisha yakawa kijani kizito, na hayakuwahi kuwa buluu hadi tunafika. Tope hilo la Rufiji lina thamani kubwa, nitaieleza kesho. Kilindoni ilianza kuonekana kama mstari wa minazi, halafu gati ikajitokeza, na majahazi yaliyolalia ubavu kwenye mchanga.

Jumanne: papa potwe

Upande wa magharibi wa Mafia unatazamana na mdomo wa Rufiji. Mto huleta rutuba ya bara nzima iliyo nyuma yake, rutuba hulisha viumbe visivyoonekana kwa macho, hivyo hulisha uduvi na dagaa, na uduvi huleta mnyama mkubwa kuliko samaki wote duniani. Wenyeji humwita papa potwe. Hufikia urefu wa mita 12 na zaidi, na hana neno na mtu. Hula kwa kufungua kinywa na kuyachuja maji.

Msimu wake hapa ni kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi. Tulitoka asubuhi, pepo za kusi zimekwisha na kaskazi haijashika, bahari imelala. Nahodha hakuwa na chombo chochote cha kumtafutia. Alisimama kwenye tezi akitazama ndege wa baharini, wanaposhuka kwa pamoja ndipo penye uduvi, na penye uduvi ndipo tunapokwenda. Haikuchukua muda. Pezi lilipasua maji, likafuatiwa na mgongo mpana wenye mabaka meupe yaliyojipanga kwa mistari.

Niliingia majini nikiwa na miwani na mrija. Maji yalikuwa na ukungu wa uduvi, naona kidogo tu mbele yangu, na ghafla kinywa kikajitokeza kutoka kwenye ukungu huo, kimefunguka, kipana kuliko mabega yangu. Akapinda kidogo, akapita pembeni. Nilihesabu mashavu, matundu matano, kisha ubavu ukawa unapita, unapita, hadi mkia. Sheria wanayokusisitizia kabla hujaruka ni kwamba humgusi, humkatizi njia, wala humwangazii taa ya kamera.

Mabaka yale hayafanani kwa papa wawili. Watafiti huyapiga picha ubavuni na kumtambua kila mmoja, na tangu 2012 kazi hiyo inafanyika hapa mfululizo. Wamegundua kwamba wengi wa papa wa Kilindoni ni madume ambao hawajapevuka, na kwamba hawapiti tu njia; wale wale huonekana mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo hawa ni wakazi. Nahodha alilijua hilo kabla ya picha. Alinionyesha mmoja mwenye pezi lililokatika ncha akasema, "Huyu tunamwona tangu mdogo wangu yuko shule."

Jambo moja linafaa kusemwa wazi. Eneo hili la Kilindoni liko nje ya mipaka ya hifadhi ya bahari. Kinachomlinda papa potwe hapa ni wavuvi wa dagaa wenyewe. Wanatega usiku kwa taa, na papa huja kuufuata uduvi ule ule. Anapojikuta ndani ya wavu, hulegeza kamba ya maboya na kumwachia apite juu, hata kama sehemu ya dagaa inaondoka naye. Nilimuuliza kijana mmoja pale mwaloni kama hawaoni uchungu. Akanijibu kwamba papa ndiye aliyewaonyesha dagaa walipo, sasa wamfanye nini.

Jumatano: Utende

Bajaji kutoka Kilindoni hadi Utende, kilomita kama 15 za lami zinazokatiza minazi, mikorosho na miembe. Njiani dereva alinionyesha upande wa kaskazini akasema huko kuna mabwawa yenye viboko. Ni kweli, Mafia ina viboko, na wazee husema walitoka Rufiji kwa mafuriko, wakaogelea mkondo mzima wa bahari.

Utende ndipo lilipo lango la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, na ofisi zake. Ni hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania: sheria ilipitishwa 1994, hifadhi ikatangazwa 1995, na eneo lake ni kilomita za mraba 822. Ndani ya mipaka hiyo wamo watu. Utende imo, Chole imo, Juani, Jibondo, na vijiji vingine. Wanaishi humo, wanaswali humo, wanazika humo na wanavua humo.

Kilicholeta hifadhi ni baruti. Mtu alirusha bomu kwenye mwamba, samaki wakaelea, akaokota wachache waliopanda juu, wengine wakaozea chini pamoja na matumbawe yaliyosagika. Nyavu za kukokota zilifagia kilichobaki, na matumbawe yenyewe yalivunjwa na kuchomwa kuwa chokaa ya kujengea. Hifadhi iliigawa bahari katika kanda: kiini ambako haivuliwi kabisa, ukanda wa matumizi maalumu ambako wenyeji huvua kwa zana zinazokubalika, na ukanda wa matumizi ya jumla. Mshipi na dema, ule mtego wa kusuka, ni halali. Juya la kukokota ni marufuku.

Jioni nilikaa pwani na wavuvi waliokuwa wakishona nyavu. Hawakunificha kwamba miaka ya mwanzo kulikuwa na magomvi, hasa kuhusu nani anayeamua. Mzee mmoja alisema baruti walikuwa wakiichukia kabla serikali haijaichukia. Wao ndio waliopiga kelele kwanza. Kilichowauma ni kwamba baada ya baruti kuondoka, macho yaliwageukia wao.

Alhamisi: Chole

Maji yalikuwa yamekupwa, tukakanyaga tope hadi magotini kuifuata mashua. Chole ni kisiwa kidogo mno, unaweza kukizunguka kwa miguu kabla jua halijawa kali, lakini kiliwahi kuwa makao makuu ya visiwa vyote hivi. Enzi za Waarabu wa Omani, wenye mashamba walijenga hapa penye upepo, na minazi yao ng'ambo kwenye kisiwa kikubwa ililimwa na watumwa. Wajerumani walipoichukua Mafia, mwaka 1890 na kuendelea, nao wakakaa Chole. Walihamia Kilindoni 1913, kwa ajili ya maji ya kina kwa meli zao, na Chole ikaachwa na majengo yake.

Yapo bado. Boma, jela, hekalu la Wahindi waliokuwa wakifanya biashara hapa. Mti mmoja umeota juu ya ukuta na kuteremsha mizizi pande zote mbili, na sasa huwezi kusema kama mti umeshikwa na ukuta au ukuta na mti. Watalii hupenda kuupiga picha, na nilielewa kwa nini. Ila kila mvua mizizi ile inanenepa, na mawe yanasogea.

Baada ya hapo nilipelekwa kwenye popo. Hawa si wale wadogo wa kwenye dari. Ni popo wakubwa wanaokula matunda, bawa hadi bawa karibu mita moja, wa aina inayopatikana Komoro na Shelisheli, na katika Tanzania yote hawaonekani isipokuwa visiwa hivi vya Mafia. Mchana huning'inia kwenye miti mikubwa, wamejifunika mabawa, wanagombana, wanajipepea. Bibi mmoja aliyekuwa akisuka mkeka wa ukindu chini ya mti wa jirani alinialika nikae.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kaa, lakini usikae hapo, watakunyea."

Aliniambia mjukuu haulizi popo wana faida gani, kwa sababu miembe na misufi inayoota mahali ambapo hakuna aliyepanda, hao ndio waliopanda. Kuwala ni haramu, hivyo hakuna anayewawinda, na kijiji kimekubaliana kwamba miti wanayolala haikatwi. Makubaliano hayo hayana kibao wala uzio. Nilisubiri hadi magharibi. Waliondoka kwa mafungu kuelekea kisiwa kikubwa, na baadhi yao walishuka hadi wakaigusa bahari kwa kifua, wakapanda tena.

Ijumaa

Hakuna chombo kilichoondoka kabla ya swala, na ndivyo inavyopasa. Baada ya swala na wali wa nazi kwa pweza, nahodha akanitazama akasema maji yameanza kujaa, twende sasa.

Saa ina maana hapa. Ghuba ya Chole hupumua kupitia mlango mwembamba wa Kinasi. Maji yakipwa, hutoka yakiwa na vumbi la nyasi bahari na tope la mikoko, huoni kitu. Yakijaa, maji safi ya bahari kuu huingia, na kwa muda huo mwamba unakuwa wazi kabisa. Niliona matumbawe yaliyotanda kama meza, chewa aliyejibanza chini yake, changu kwa makundi, na ng'amba mmoja akimega sifongo bila haraka. Aina za samaki zilizoandikwa katika hifadhi hii zinazidi 400.

Niliona pia mifupa. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kawaida, matumbawe yakapauka na sehemu kubwa ikafa, kwenye mwamba wa Kitutia na humu ghubani. Matawi mapya yameota juu ya yaliyokufa, mengine makubwa kuliko mkono wangu. Joto haliulizi kibali langoni, na hakuna askari wa hifadhi anayeweza kulizuia. Kinachowezekana ni kuufanya mwamba uwe na samaki wa kutosha kuula mwani, ili matumbawe machanga yapate pa kushika. Hiyo ndiyo kazi halisi ya ule ukanda wa kiini.

Jumamosi: Kua

Kwenda Kua lazima maji yawe yamejaa, la sivyo chombo hukwama kwenye mikoko ya kisiwa cha Juani. Tulifika saa mbili asubuhi. Mzee aliyenipokea ni mtu wa Juani, ana fimbo na panga, na panga lilifanya kazi kuliko fimbo.

Kua ulikuwa mji. Nilikuwa nimesoma hivyo, lakini kusoma hakukunitayarisha. Unatembea kati ya mibuyu, halafu kuta zinaanza, na haziishi. Nyumba za mawe, misikiti kadhaa, makaburi, na jumba la mtawala lililokuwa na ghorofa. Ngazi yake bado inapanda, ingawa huko juu inakopanda hapapo. Kwenye kuta kuna matundu ya boriti, na zile boriti zilitoka ng'ambo, kwenye mikoko niliyopita Jumatatu. Majengo mengi yanayoonekana ni ya karne ya 18, lakini watu wamekaa Juani zamani zaidi ya hapo. Katika pango la Ukunju, kisiwani hapahapa, wanaakiolojia wamekuta athari za watu walioishi, kuvua na kufanya biashara zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Mzee alinikalisha kwenye kivuli cha msikiti, akanisimulia kwa nini watu wa Kua na wa Kisimani, mji mwingine wa kale kwenye kisiwa kikubwa, walichukiana. Nimeisikia pia kwa wengine, kwa hiyo ni ya wote.

Watu wa Kisimani walijenga jahazi kubwa. Siku ya kulishusha majini wakawaalika ndugu zao wa Kua, ngoma ikapigwa, watu wakala. Katikati ya shangwe wakawakamata watoto wa Kua, wakawafunga na kuwalaza mchangani, na jahazi likashushwa juu yao badala ya magogo. Watu wa Kua walirudi kwao bila kusema neno. Wakanyamaza kwa miaka, hata ikadhaniwa wamesamehe. Kisha wakajenga chumba chini ya ardhi, wakaalika wakubwa wa Kisimani kwenye harusi. Wageni wakakaribishwa chumbani, wakapewa chakula na mazungumzo. Mwenyeji mmoja akatoka kufuata kitu, akafuata mwingine, na mwingine. Mwishoni akabaki mzee mmoja tu wa Kua, anawasimulia wageni hadithi tamu, na nje waashi wanaziba mlango kwa mawe na chokaa. Mzee yule alijua. Alikuwa amekubali kufa nao.

"Na chumba kiko wapi, babu?"

"Unakikanyaga au hukikanyagi, mjukuu wangu. Mungu anajua."

Mwisho wa Kua wenyewe uko katika historia. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava walikuja kwa ngalawa nyingi kutoka Madagaska, wakauvamia mji, wakaua na kuchukua mateka. Jeshi la Sultani wa Zanzibar liliwafuatia, lakini Kua haikukaliwa tena. Walionusurika walikwenda Chole na kwingineko. Katika kibla cha msikiti mmoja nilikuta kitambaa cheupe na chupa ya marashi. Kuna watu bado wanakuja kuwaombea wazee wao.

Sasa niseme kilichonichoma. Katika jumba lile kuna ukuta wenye ufa ninaoweza kupitisha mkono hadi kiwiko. Mzizi umeingia juu na kutokea chini. Mzee alisema alipokuwa kijana ufa huo haukuwepo, na upinde wa mlango uliokuwa upande wa pili alionyesha kwa fimbo mahali ulipoangukia. Tulikaa hapo kimya kidogo, kisha akaniambia habari za kasa.

Upande wa mashariki wa Juani, kasa hupanda kutaga. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la Sea Sense limewafundisha wanakijiji kuvitafuta viota, kuviandikisha na kuvilinda hadi vifaranga vitoke, wengi kati ya Juni na Septemba. Msimu ulikuwa umekwisha nilipofika. Lakini kila kiota kina tarehe, kina mahali, kina mtu anayekijua, na yai likiibiwa kuna atakayeulizwa. Mzee mwenyewe ana jamaa anayefanya kazi hiyo. "Kiota kina daftari," akasema. "Ukuta huu hauna daftari."

Nimeirudia sentensi hiyo tangu siku ile. Bahari ya Mafia ina sheria, ina boti za doria, ina watafiti, ina vijana wenye daftari. Mji wa Kua una mzee mmoja na panga. Na vitu hivi viwili havikuwahi kuwa mbali: mji ulijengwa kwa mawe ya matumbawe ya kale, ukaezekwa kwa mikoko, ukalishwa na mwamba uleule unaolindwa leo. Hata ukarabati wake unagusa bahari. Chokaa ya asili ndiyo inayofaa kuta hizi, kwa sababu saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na huzuia unyevu kutoka, ukuta ukaoza kwa ndani. Chokaa hiyo ilichomwa kwa matumbawe. Kuyavunja mabichi baharini ni kosa, na iendelee kuwa kosa. Lakini jiwe la kale la matumbawe liko nchi kavu, linachimbwa shimoni, na waashi wanaojua tanuri la chokaa wangali hai katika pwani hii. Kinachotakiwa ni kuanza kabla hawajaondoka. Hata kabla ya chokaa, daftari tu: kila ukuta upigwe picha mahali palepale kila mwaka, kila ufa upimwe, na kijana wa Juani alipwe kwa kazi hiyo kama anavyolipwa wa kasa.

Maji yalianza kutoka, nahodha akapiga mluzi.

Jumapili: Jibondo

Jibondo ni jiwe. Udongo ni haba, maji ya kunywa ni shida, na mengi huletwa kwa chombo. Watu wake wameishi kwa bahari tu, ndiyo maana ni mabaharia na wajenzi wa majahazi wanaojulikana pwani yote.

Nilikaa nusu siku kwa fundi mmoja. Mashua ilikuwa imefikia mataruma, mkuku umekwishalazwa, mbao za ubavu zinapandishwa. Hana ramani. Hutazama, hupima kwa kamba na kwa shubiri, huondoa kidogo kwa tezo, hutazama tena. Keekee ikatoboa, msumari ukafuata, pamba iliyolowekwa mafuta ikashindiliwa kwenye nyufa. Mwanawe alikuwa akimpa vifaa kabla hajaitishwa. Nilimuuliza amejifunzaje, akanionyesha mwanawe: "Hivyo hivyo."

Bamvua ilikuwa imepita, kwa hiyo waokota pweza walikuwa nyumbani, na wanawake wakawa na muda wa kuzungumza. Waliniambia kuhusu kuufunga mwamba: kijiji hukubaliana sehemu fulani isiguswe kwa miezi kadhaa, na siku ya kuufungua wote huingia pamoja. Pweza hukua upesi mno, hivyo subira hiyo fupi huonekana kwenye mizani. Mama mmoja alisema kwanza walidhani ni njia nyingine ya kunyimwa bahari. Walikubali walipoona wao ndio wanaofunga na wao ndio wanaofungua.

Jumatatu: Kisimani

Ras Kisimani iko pembe ya kusini-magharibi ya kisiwa kikubwa. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapa na kuchapisha matokeo yake 1961, na sarafu za masultani wa Kilwa zimepatikana katika mchanga huu. Ulikuwa mji wa Kiislamu wa zamani kuliko majengo ya Kua, ukifungamana na Kilwa katika siku zake kubwa.

Nilikwenda nikijua sitaona mji. Bahari imeula. Pwani imekatika, minazi imelala na mizizi nje, na katika mchanga kuna vigae vidogo, vingine vyekundu vya kienyeji, vingine vina rangi ya kijani iliyong'aa, vya vyombo vilivyovuka bahari. Kijana aliyenileta aliniomba nisiokote. Alisema wageni waliotangulia walijaza mifuko, na sasa mtoto wa shule akiletwa hapa mwalimu hana cha kumwonyesha. Tulitembea ufukwe mzima tukivitazama na kuviacha. Alionyesha baharini, hatua nyingi kutoka ukingo wa maji, akasema babu yake alimwambia kisima kilikuwa pale.

Kwa atakayekwenda: boti ya Nyamisati hufuata maji, ulizia saa yake jioni ya kuamkia safari. Kibali cha hifadhi kinakatwa langoni Utende. Kwa Kua, mchukue mwongozaji wa Juani, umlipe hukohuko Juani, na umuulize kuhusu ule ufa wa jumbani. Ukipiga picha, piga na ukuta mzima, andika tarehe, umwachie nakala.